Niliajiriwa Dar Nikafanye Kazi Nyumbani

Kutoka kwetu Magomeni ya Mtwara hadi kwenye ghala la korosho nililofanyia kazi ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na ukikazana ni kumi na tano. Mimi njia hiyo niliizunguka kwa kupitia Dar es Salaam, na ilinichukua miezi minne. Sikupotea njia wala sikuwa mgonjwa. Nilifanya makusudi, na hadi leo nikisimulia huwa najicheka kwanza kabla ya kuona aibu.

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni ilikuwa na mishahara miwili kwa kazi moja. Ukiajiriwa pale getini Mtwara, unalipwa mshahara wa Mtwara. Ukiajiriwa makao makuu Dar, halafu ukatumwa Mtwara, unalipwa mshahara wa Dar, unapangiwa nyumba mtaa wa Shangani unakopigwa na upepo wa bahari, na juu yake unaongezewa posho ya mazingira magumu. Mazingira magumu yenyewe ndiyo sisi. Ndio mtaa niliokulia, ndiyo maji niliyoyanywa tangu utoto, ndiye mama yangu na majirani zake. Niliposikia mara ya kwanza kwamba kuna watu wanalipwa ziada kwa kuvumilia kuishi na sisi, nilikasirika mchana kutwa. Jioni hasira ziliponitoka nikaanza kuwaza jinsi na mimi nitakavyolipwa kwa kuvumilia.

Nilikuwa na stashahada ya teknolojia ya chakula kutoka chuo kimoja cha Morogoro, na nilitaka mambo mawili. La kwanza, niishi Mtwara karibu na mama, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumgomea. La pili, nilipwe mshahara unaomfaa mtu mzima aliyesoma. Kwetu mambo hayo mawili huwa hayapatikani mahali pamoja. Wenye vyeti wanakwenda Dar, wanarudi kwenye misiba na sikukuu wakiwa na viatu vizuri, na wanaobaki wanabaki na nyumbani kwao. Mimi nilivitaka vyote, na nilikuwa mbishi.

Basi nikaenda kwa dada yangu Mbagala. Watu wakisikia mtu amekwenda Dar wanadhani amebadilisha dunia. Mtaa ule wa dada ulijaa watu wa kwetu mpaka nikawa nasahau kama nimesafiri. Asubuhi nasalimiana na mtu wa Newala, mchana nanunua mihogo kwa mtu wa Tandahimba, jioni nasikia Kimakonde dirishani. Lakini anwani ilikuwa ya Dar, na hiyo ndiyo iliyotakiwa. Cheti changu cha kuzaliwa nacho kilisema Temeke, maana mama alinizaa huko wakati baba akifanya kazi bandarini, kabla hawajarudi kusini nikiwa sijaanza kutembea. Sekondari nilisoma bweni Morogoro. Kwenye makaratasi yangu, Mtwara haikuwepo kabisa.

Kwenye usaili walikaa watu watatu. Mmoja akavua miwani na kuniuliza kwa upole kama ningekuwa tayari kufanya kazi mikoani, hata mbali, hata Mtwara. Nikashusha pumzi. Nikatazama dirishani kidogo. Nikasema kama kazi inataka hivyo, nitajitahidi. Wakatazamana kwa huruma, na wiki mbili baadaye nikapata barua.

Mama nilipomweleza alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akaniuliza kama huo si uongo. Nikamwambia hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi. Akasema yeye hajasoma, ila uongo wa kutoulizwa anaujua. Hata hivyo aliniruhusu, na majirani wote wakaingia kwenye mchezo bila kuombwa. Nikipita mtaani Jumapili kwenda kumwona, wanawake wale walionilea walikuwa wananiita mgeni, wananiuliza kama joto la Mtwara limenizoea, na mmoja alinishauri nijihadhari na wenyeji.

Aliyenipa tabu ni meneja, na alinipa tabu kwa wema wake. Alikuwa mtu wa Moshi, mwaka wake wa pili Mtwara, mtu wa kanisa, mkarimu, na aliona ni wajibu wake kumsaidia binti mpweke aliyetupwa mbali na nyumbani. Jumapili ya kwanza baada ya ibada alinipitia Shangani na gari la ofisi akanitembeza mji mzima. Akanionyesha bahari. Akanionyesha soko, benki, na duka la dawa linalochelewa kufunga. Akanipitisha hata Magomeni, mita chache kutoka mlangoni kwa mama, akaniambia huku ndiko wanakoishi watu wa kawaida. Nilisema kumbe. Nilisema kumbe nyingi siku ile kuliko nilizosema maisha yangu yote. Alipofika kwenye kunieleza kwamba watu wa huku ni wapole lakini elimu hawaithamini sana, kumbe ikagoma kutoka, nikajifanya nakohoa.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima ubora wa korosho ghafi. Magunia yanapoingia kutoka kwa wakulima, unachoma bambo, chuma chenye ncha na mfereji, kwenye gunia hili na lile kutoa sampuli, unazikausha, unazihesabu, kisha unazikata moja moja uone tumbo la kila korosho: nzima, yenye madoa, iliyosinyaa, iliyooza. Kutokana na hizo unasema mzigo ni daraja la kwanza au la pili, na neno lako ndilo litakaloamua mkulima aondoke anacheka au amenuna. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Sisi tuliotumwa kutoka Dar tulipewa glavu. Wenyeji walikuwa wanajipaka majivu vidoleni.

Mezani nilikaa na dada mmoja aliyenizidi miaka miwili mitatu. Kwao ni Msimbati, na wazee wake walivuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji zamani, wakalima wakabaki. Alikuwa na lafudhi ya huko ambayo hakujisumbua kuificha mbele ya mtu yeyote. Alikata korosho haraka kuliko mimi na bila kuangalia saa, na akishazipanga zile nusu mezani hakuna aliyebisha. Mimi na glavu zangu nilikuwa kama mtu anayekula wali na soksi mikononi. Alinivumilia. Wiki za mwanzo tulizungumza mambo ya kazi tu.

Halafu mabibo yakaiva. Bibo ndilo tunda linaloshikilia korosho, jekundu au la njano, limejaa maji, tamu na kali kwa pamoja. Maji yake yakikudondokea kwenye nguo, doa halitoki hadi nguo ile igeuke dekio. Siku moja mkulima aliyefurahia daraja lake akatuletea ndoo nzima, akatugawia pale uani. Meneja alichukua moja kwa furaha, akasimama wima katika shati lake jeupe, akaling'ata. Maji yakamtiririka kifuani mpaka mkandani. Watu wote walicheka, na yeye mwenyewe alicheka huku akijipangusa na kitambaa, jambo lililozidi kuharibu.

Mimi nilikuwa nimekwisha kula langu. Na nilikula vizuri. Nilikuwa nimeinama mbele, miguu nimeitanua, sketi nimeibana kwa mkono wa kushoto katikati ya magoti, shingo nimeitoa nje, maji yanadondoka mchangani. Ndivyo tunavyokula sote, kuanzia mtoto wa miaka mitatu. Hakuna mtu anayefundishwa, na hakuna mtu wa Dar anayejua. Nilipoinua uso kujifuta kidevu, dada wa mezani alikuwa ananitazama miguu.

Tuliporudi mezani alijipaka majivu yake taratibu, akasema bila kuniangalia, "Siku nyingine jichafue kidogo, ntu asije akakushtukia."

Nikamuuliza amejuaje, swali la kijinga, naye akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikamwambia Magomeni. Akaweka kisu chini akacheka kicheko cha kimyakimya, mabega yanatikisika, mpaka machozi yakamtoka na hakuweza kujifuta kwa sababu ya mafuta ya maganda. Nilimfuta mimi kwa kona ya kitenge chake. Kuanzia hapo tukawa marafiki.

Ndipo nilipoyajua mengine. Alikuwa na stashahada kama yangu. Chuo kilekile, miaka miwili kabla yangu, walimu walewale, na mmoja wao tulimwigiza wote wawili anavyokohoa. Tofauti ni kwamba alipomaliza, mama yake alikuwa peke yake Msimbati na hakuwa na wa kumwachia, kwa hiyo alirudi moja kwa moja na kuomba kazi pale getini. Mshahara wake ulikuwa nusu ya wangu, bila nyumba, bila posho. Aliniambia hayo kwa sauti ya kawaida. Mimi ndiye niliyeshindwa kula mchana ule.

Msimu ulipofika katikati aliandika barua ya kuomba alipwe sawa na sisi tuliotoka Dar. Ilikuwa barua nzuri, fupi, yenye cheti kimeambatanishwa. Makao makuu wakarudisha fomu ya tathmini ijazwe na mtaalamu wao wa ubora aliyeko kituoni. Mtaalamu wao aliyeko kituoni nilikuwa mimi.

Fomu ilikuwa na maswali mengi ya kupoteza muda na swali moja la maana: je, kazi ya mwombaji ni sawa na ya mtaalamu aliyetumwa kutoka makao makuu? Meneja aliniita ofisini akafunga mlango. Alinieleza vizuri kabisa, maana hakuwa mtu wa hila. Alisema mshahara wangu unatoka kwa sababu moja, nayo ni kwamba makao makuu wanaamini mtaalamu kama mimi hapatikani Mtwara. Nikiandika kwamba yupo, anakaa kiti cha pili, watauliza mimi nimetumwa kufanya nini. Akaniambia nifikirie, halafu akanipa soda.

Nilifikiria siku nne. Nilikuwa nimeshazoea kuwa na vyote viwili. Nilikuwa nampeleka mama kliniki ya magoti bila kumwomba mtu, nikitoka huko nalala Shangani na dirisha wazi. Niliandika kwenye karatasi ya pembeni majibu ya kila namna. Anaendelea vizuri. Ana bidii. Akipata uzoefu zaidi. Kila moja lilikuwa la kweli kidogo, na kila moja lilikuwa linambakiza pale alipo na kunibakiza mimi pale nilipo. Nilijichukia, lakini si sana, nisidanganye. Nilikuwa naogopa zaidi kuliko nilivyokuwa najichukia.

Siku ya nne uliingia mzigo kutoka Tandahimba nikaupa daraja la kwanza. Yeye akachukua bambo akaenda kwenye magunia ya chini, ambayo mimi sikuyagusa kwa uvivu, akaleta sampuli nyingine akazikata mbele yangu. Zilikuwa zimelowa na kuanza kuoza. Mzigo ule ungepita na jina langu, na ungerudishwa kutoka bandarini na jina langu vilevile. Hakunisema. Alizipanga tu mezani, nzima huku, mbovu kule.

Nikamwambia kuhusu fomu. Nikamwambia na yale ya meneja, yote, kwamba nikisema sawa huenda tukakosa wote. Alinisikiliza akifuta kisu.

"Wewe andika unachokiona," alisema. "Si ndiyo kazi yetu?"

Nilikwenda ofisini nikaandika kwamba kazi yake si sawa na yangu, ni bora kuliko yangu, na nikaweka sahihi kubwa kama ya waziri. Nilitoka pale nimejaa fahari. Fahari ilidumu hadi saa kumi na mbili jioni. Nilipofika Shangani nikakaa kitandani nikaanza kujuta, na nikajuta kwa wiki tatu mfululizo hadi barua ilipokuja.

Barua ilitushukuru. Ilisema makao makuu wamefurahi kujua kwamba sasa utaalamu unapatikana mkoani Mtwara, hivyo hakuna haja tena ya kutuma mtaalamu kutoka Dar. Mkataba wangu ungeisha na msimu, nikitaka naweza kuomba upya kwa masharti ya kituo. Ombi la mwenzangu halikukubaliwa, kwa kuwa ngazi za mishahara za kituo haziruhusu. Mwishoni kulikuwa na tangazo kwamba wanatafuta wataalamu wa ubora kwa ajili ya kituo cha Tanga, usaili utafanyika Dar es Salaam, masharti ya makao makuu. Meneja alitusomea akiwa amesimama, na alipomaliza alibaki anaikunja na kuikunjua.

Nilicheka. Sijui kwa nini. Mwenzangu akacheka pia, na meneja alipoona tunacheka akatoka nje kutuacha peke yetu.

Nikaomba upya. Kwenye fomu ya kituo palikuwa na nafasi ya kuandika nyumbani, nikaandika Magomeni, Mtwara, na jina la mjumbe wetu wa mtaa. Meneja aliisoma mara mbili. Aliinua macho, akaishusha, akaisoma tena, na nikaona Jumapili yetu ya matembezi inampitia usoni, bahari, soko, benki na duka la dawa. Alicheka mpaka akalegeza tai. Baadaye, alipotulia, aliniomba radhi kwa lile la elimu, na nilimsamehe kwa moyo mmoja. Nilihama Shangani kwa safari moja ya bajaji. Mama aliuliza tu kama mwenzangu amepata alichokuwa akikitaka. Nilipomwambia hajapata, akasikitika kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu, na mimi nikaona wivu kama mtoto.

Mwenzangu alikwenda Dar. Hakutaka kwenda. Alikaa wiki nzima akisema haendi, na mama yake ndiye aliyemwambia aende, kwamba yeye ana mihogo yake na kuku wake na hajafa. Nilimpa anwani ya dada yangu Mbagala na nikamfundisha namna ya kushusha pumzi wakimuuliza kuhusu mikoani. Akapata. Siku hizi yuko Tanga, amepangiwa nyumba nzuri, analipwa nilichokuwa nalipwa na posho ya mazingira magumu juu yake. Mimi nakaa mezani peke yangu, nalipwa alichokuwa analipwa yeye, na jioni narudi kwetu kwa miguu. Ukitukusanya sisi wawili unapata mtu mmoja aliyefanikiwa. Mwisho wa mwezi, nisiseme uongo, kuna siku namwonea choyo. Yeye akipiga simu na kusikia sauti ya mama yangu nyuma yangu, najua na yeye anavyojisikia.

Tuliahidiana kwamba mama yake atakuwa mama yangu. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, nachukua pikipiki hadi Msimbati na furushi alilolituma: dawa za presha, kitenge, mara nyingine simu mpya ambayo mama yake haitaki. Nikifika napiga magoti namwamkia, anaitikia, ananikalisha kwenye mkeka anapomenyea mihogo. Kiswahili chake ni cha polepole, kimechanganyika na Kimakonde, na anapenda kuulizwa kuliko kuuliza, lakini Jumamosi iliyopita ndiye aliyeniuliza.

Alitaka kujua mwanawe hasa anafanya nini huko. Nikamweleza: anakata korosho, anaziangalia, anasema ipi nzuri ipi mbaya. Akauliza kama huko Tanga korosho zinaota. Nikasema zinaota. Akauliza kama kuna shule. Nikasema shule zipo, na vyuo, tangu zamani. Akaendelea kumenya muhogo wake hadi mwisho, akauweka kwenye sinia, akaniangalia.

"Sasa ntoto wangu," alisema, "huko Tanga hawana mabinti wao waliosoma wa kuzikata hizo korosho?"

"Wanao, mama," nikamwambia. "Wamekaa naye meza moja."